Kusafisha masikio ya mbwa wako nyumbani, na siku ambayo hupaswi kumgusa



Hapa Nakivale mbwa wengi si wa kuchezea. Ni walinzi. Mbwa analala mlangoni, anabweka mwizi wa kuku akikaribia, anaandamana na watoto wanapopeleka mbuzi malishoni. Wengi wetu tuliacha mbwa nyumbani tulipokimbia, na huyu tuliye naye leo tulimpata hapa hapa kambini akiwa mdogo, kwa jirani ambaye mbwa wake alikuwa amezaa.

Huenda ukashangaa kuona karatasi ya habari za afya ikizungumzia masikio ya mbwa wakati kuna malaria na kuhara. Sababu ni kwamba watu wanaoumwa na mbwa hawaumwi wote na mbwa wa barabarani. Wapo wanaoumwa na mbwa wao wenyewe, nyumbani kwao, wakijaribu kumtibu. Baba anachokonoa sikio kwa njiti ya kiberiti, mtoto ameshika kichwa, mbwa anasikia maumivu na kugeuka ghafla. Anamuuma aliye karibu na meno yake, na aliye karibu ni mtoto. Kama mbwa huyo hajachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, basi shida ya sikio imekuwa hatari kwa uhai wa mtu.

Kwa hiyo tunaeleza mambo mawili kwa pamoja: namna ya kusafisha sikio la mbwa bila kumuumiza, na namna ya kutambua kwamba leo si siku ya kumshika.

Mtazame kwanza ukiwa mbali

Kabla ya kuchemsha maji au kutafuta kitambaa, simama hatua chache kutoka kwa mbwa umwangalie. Mwite kwa jina lake. Mbwa mwenye shida ya sikio tu atakuja kama kawaida yake, atatingisha mkia, halafu atatikisa kichwa au kujikuna kwa mguu wa nyuma. Anakula na anakunywa. Ni yule yule unayemjua.

Mbwa mwenye kichaa amebadilika. Aliyekuwa mpole anauma mawe na vijiti, anazurura mbali na nyumbani, anarukia kila kinachotembea. Au kinyume chake: aliyekuwa mchangamfu anajificha kwenye giza chini ya kitanda na hataki kuitwa. Sauti ya kubweka inabadilika. Mate yanachuruzika, taya linalegea, miguu ya nyuma inakosa nguvu. Wakati mwingine anaonekana kama amekwamwa na mfupa kooni, na mwenye mbwa anaingiza mkono mdomoni ili amsaidie. Usifanye hivyo hata siku moja. Mbwa asiyeweza kumeza, ambaye hukumwona akila mfupa, ni mbwa wa kuogopwa. Waondoe watoto, mfungie mahali alipo kama unaweza kufunga mlango bila kumkaribia, kisha mjulishe kiongozi wa kijiji na ofisa wa mifugo.

Sasa tazama masikio yenyewe. Je, yana jeraha? Mbwa wakipigana hushikana sana masikio na shingo, na sikio lililochanika ni alama kwamba usiku alipigana na mwenzake, au na mnyama wa porini. Hapa watu wengi wanakosea. Wanaona damu, wanachukua maji na kitambaa, wanaanza kuosha kwa mikono mitupu. Lakini hujui aliyemng'ata ni nani. Mate ya mnyama yule yanaweza kuwa bado yamelowesha manyoya, na kama una kidonda au mkwaruzo mkononi, virusi vya kichaa vinaweza kupita hapo. Zaidi ya hayo, mbwa aliyeambukizwa haonyeshi dalili siku ile ile. Zinaweza kupita wiki kadhaa, hata miezi, yuko salama machoni pako. Kwa hiyo sikio lililoraruliwa si kazi ya kusafisha nyumbani. Mfunge mbwa peke yake, ukimgusa vaa glovu au mifuko ya plastiki isiyotoboka, na umwite ofisa wa mifugo ili aseme kama achanjwe tena na afungiwe kwa muda gani.

Kama mbwa ni yule yule, hana jeraha, anakula, na tatizo ni sikio tu, tuendelee.

Sikio la mbwa lilivyoumbwa

Sikio lako lina tundu fupi linaloingia ndani karibu moja kwa moja. La mbwa siyo hivyo. Tundu linashuka kwanza kuelekea chini, kisha linakunja kona kuingia ndani ya kichwa, kama herufi L. Mwisho wa kona hiyo ndipo kilipo kiwambo cha sikio, ngozi nyembamba inayomwezesha kusikia.

Ukielewa kona hiyo, umeelewa nusu ya somo. Chochote utakachoingiza, iwe njiti, unyoya wa kuku, kijiti cha pamba au ncha ya peni, hakitoi uchafu. Kinausukuma chini hadi kwenye kona na kuushindilia pale. Ukiendelea unaweza kutoboa kiwambo. Uchafu wa ndani hutolewa kwa kulainishwa, kusuguliwa kutoka nje, na kuachwa mbwa mwenyewe autikise utoke.

(Tukiwa hapo hapo: unyoya wa kuku na njiti ya kiberiti havifai hata kwenye sikio la mtoto wako. Mtoto anayetoka usaha sikioni apelekwe kituo cha afya, asichokonolewe.)

Sikio zima na sikio gonjwa

Inua sikio na uangalie kwenye mwanga wa jua. Sikio zima lina rangi ya waridi iliyofifia, au nyeusi kwa mbwa mwenye ngozi nyeusi, lina nta kidogo ya kahawia na halinuki. Sikio kama hilo liache. Kulisafisha kila mara kunaliletea unyevu na kuliudhi bure. Litazame mara moja kwa wiki, inatosha.

Uchafu mkavu, mweusi, unaomeguka kama machicha ya kahawa, na mbwa anajikuna usiku kucha, hiyo kwa kawaida ni kazi ya utitiri wa sikio. Ni wadudu wadogo sana, karibu wasionekane kwa macho. Mama huwapa watoto wake, na mbwa na paka wanaolala pamoja huambukizana, kwa hiyo ukimtibu mmoja na kumwacha mwenzake utakuwa unarudia kila mwezi. Kwa binadamu hawasumbui sana.

Nta nyingi ya kahawia, yenye mafuta na harufu ya kuchacha, mara nyingi ni ukungu unaopenda joto na unyevu. Utauona zaidi majira ya mvua, na kwa mbwa ambao masikio yao yamelala chini. Usaha wa manjano, harufu kali ya kuoza, na mbwa anayelia ukimgusa, hayo ni maambukizi ya bakteria na yanahitaji dawa ya daktari wa mifugo. Maji ya chumvi peke yake hayatayaponya.

Kuna dalili tatu zinazosema acha kabisa, usitie kitu chochote ndani. Ya kwanza ni mbwa anayeinamisha kichwa upande mmoja muda wote. Ya pili ni anayetembea akizunguka au akiyumba kama mlevi. Ya tatu ni anayelia kwa maumivu sikio likiguswa tu. Huenda kiwambo kimetoboka, na dawa au maji yakipita hapo yanaingia sehemu ya ndani kabisa. Pia mbwa aliyekuwa mzima asubuhi, akarudi kutoka kwenye nyasi ndefu akitikisa kichwa kama mwendawazimu, upande mmoja tu, huenda mbegu ya nyasi yenye miiba imeingia. Ukiiona ikichungulia nje, ivute taratibu. Usipoiona, usiitafute.

Kutayarisha

Chemsha maji safi, kisha yaache yapoe hadi yawe vuguvugu tu, yasiunguze upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako. Kwa kikombe cha robo lita tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, ukikoroga hadi iyeyuke. Chumvi ikizidi itawasha. Tayarisha ya siku hiyo tu, usihifadhi. Pamoja nayo weka pamba au vipande vya kitambaa laini kilichofuliwa. Nguo kuukuu ya pamba inafaa, lakini kitambaa kilichotumika kwa mbwa kisirudi kwenye nguo za mtoto wala kwenye vyombo. Kama nta ni ngumu, mafuta ya kupikia kidogo, yale yale ya jikoni, yanatosha kuilainisha.

Afanye mtu mzima, na wa pili mtu mzima amshike. Si mtoto. Tunalirudia hili kwa sababu mazoea ni kumwambia kijana wa miaka minane, "mshike, wewe anakupenda." Anampenda, ni kweli, lakini mbwa mwenye maumivu hachagui wa kumuuma. Watoto wakae upande wa pili wa nyumba.

Anayeshika apige goti ubavuni mwa mbwa, asiwe mbele yake. Mkono mmoja upite chini ya shingo na kukumbatia kichwa kifuani, mwingine ukumbatie kiwiliwili. Ikiwa mbwa ana wasiwasi, mfunge mdomo kwa ukanda mrefu wa kitambaa: zungusha juu ya pua, vuka chini ya kidevu, kisha funga nyuma ya shingo kwa fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja. Kitambaa hicho kikae dakika chache tu. Mbwa hutoa joto kwa kuhema, hivyo usimfunge juani, na usimfunge mbwa anayetapika au anayepumua kwa shida. Akinguruma kabla hata hujamgusa, mwachie. Kesho ipo.

Kazi yenyewe

Tandika mkono wako juu ya kichwa na mgongo kwanza, mpapase, uzungumze naye kwa sauti ya chini. Inua sikio juu taratibu ili tundu linyooke. Lowesha pamba kwa maji ya chumvi, uikamue kidogo, ufute sehemu ya ndani ya sikio inayoonekana, ukitoka ndani kuja nje, kamwe si nje kwenda ndani. Kidole chako kikiwa kimefungwa kitambaa kisiende zaidi ya pale kinapofika chenyewe bila kusukuma. Pamba ikichafuka, chukua nyingine.

Kwa nta ya ndani, dondosha matone manne au matano ya mafuta vuguvugu. Kisha shika sehemu ya chini ya sikio, pale linapoungana na shavu, usugue kwa vidole kwa muda wa nusu dakika hivi. Utasikia mlio wa majimaji. Ukisikia hivyo ujue unafanya vizuri. Halafu mwachie na urudi nyuma. Atatikisa kichwa kwa nguvu, na uchafu utaruka ukutani, kwenye nguo na usoni kwako kama hukusogea. Futa uliotoka, ukaushe sikio kwa kitambaa kikavu, kwa sababu unyevu ukibaki ndiyo unaolisha ukungu. Mpe kitu kidogo cha kula, hata ukoko wa ugali, ili siku nyingine asikukimbie.

Kwa utitiri, mafuta hayo yanapunguza muwasho na kuwabana wadudu, lakini mayai yanabaki na kuanguliwa. Tangu yai hadi mdudu mzima ni kama wiki tatu. Anayetia mafuta siku mbili na kuacha hajafanya kitu. Endelea kila siku ya pili kwa wiki tatu hadi nne, kwa kila mbwa na paka wa nyumba hiyo. Dawa ya ofisa wa mifugo inamaliza haraka zaidi, na ukiweza kuipata ndiyo bora.

Kupe

Tuko katika nchi ya ng'ombe, na penye ng'ombe pana kupe. Yule kupe wa kahawia anayeleta ndigana kali kwa ng'ombe hupenda hasa masikio yao, na mbwa naye ana kupe wake wanaojificha ndani ya masikio na katikati ya vidole. Kupe humletea mbwa magonjwa ya damu yanayomkondesha na hata kumuua.

Shika kupe kwa koleo ndogo ya nyusi, karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumzungusha. Huna koleo, tumia uzi: funga kitanzi kati ya kupe na ngozi, kaza, vuta. Mtumbukize kwenye maji yenye sabuni nyingi. Usimpasue kwa kucha, maana majimaji yake yana vijidudu, na usimchome kwa sigara wala kumpaka mafuta ya taa akiwa bado ameng'ang'ania. Aliyezama ndani ya tundu mwachie ofisa wa mifugo.

Vitu visivyofaa kamwe

Mafuta ya taa, petroli, oili chafu ya gari, maji ya betri, Jik na spiriti. Vyote hivi watu huvitia, na vyote vinaunguza. Mbwa aliyetiwa maji ya betri sikioni hatasahau, na anayemkaribia baadaye ataumwa. Usipasue vidonge vya kapsuli na kunyunyiza unga wake. Unapoteza dawa ya mtu na sikio haliponi. Dawa ya kuogeshea ng'ombe haimiminwi sikioni, na sindano ya ng'ombe ya minyoo haikadiriwi kwa macho kwa mbwa wa kilo 12. Dawa nyingine za kupe za mbwa ni sumu kwa paka, kwa hiyo usigawane na jirani kabla ya kuuliza.

Kwa wanaofuga sungura

Sungura nao hupata utitiri, wa aina nyingine, na masikio yao hujaa magaga mazito ya kahawia yaliyopangana kama maganda. Usiyabandue. Chini yake ni nyama mbichi, na maumivu yake ni makali. Paka mafuta ya kupikia yalainike, magaga yataanguka yenyewe baada ya siku kadhaa. Tenga mgonjwa, choma matandiko yake, angalia wenzake wote.

Ukiumwa au ukikwaruzwa

Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Kama huna saa, mtu aendelee kukumiminia kutoka kwenye jerikani wakati wewe unasugua, na asiharakishe. Tunajua maji yanabebwa kutoka mbali na foleni ya bomba ni ndefu. Hata hivyo tumia maji hayo, kwa kuwa kuosha huku kunaondoa sehemu kubwa ya virusi kabla havijaingia kwenye mishipa ya fahamu. Usipake majani, pilipili, kinyesi cha ng'ombe wala jiwe jeusi. Usifunge jeraha likabanwa.

Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo, hata kama mbwa ni wako. Chanjo ya watu hutolewa kwa sindano kadhaa kwa tarehe maalumu, na kwa jeraha kubwa kuna dawa nyingine inayotiwa kwenye jeraha lenyewe. Kama hapo haipo, mhudumu atakuandikia rufaa. Usirudi nyumbani kungoja. Ukishaanza usikatize kwa sababu jeraha limepona. Jeraha hupona vizuri kabisa na ugonjwa ukaja miezi miwili au mitatu baadaye, na ukishaanza kuonyesha dalili karibu kila mgonjwa hufa. Waulize watoto wako kwa upole pia, kwa sababu mtoto anayeogopa kuchapwa kwa kumchokoza mbwa huficha jeraha chini ya nguo.

Mbwa aliyeuma usimuue kwa hasira kama anaonekana mzima. Mfunge, mpe chakula na maji bila kumgusa, na mwangalie kwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyouma, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Akibadilika, akifa au akitoroka ndani ya siku hizo, toa habari kituoni mara moja. Sindano za mtu hazingoji siku 10 ziishe. Zinaanza siku ya kwanza.

Mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Siku ya chanjo ikitangazwa na viongozi wa kijiji, mlete akiwa amefungwa kamba, aletwe na mtu mzima, na uhifadhi kadi yake pamoja na kadi za kliniki za watoto. Ukiumwa, kadi hiyo ndiyo ya kwanza utakayoulizwa. Kama hujui kijiji chako kitafikiwa lini, muulize VHT wako, au ofisa wa mifugo siku anapokuja kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi. Ukimpata siku hiyo, mwonyeshe na masikio.